Mambo ya Nyumbani: Usiporidhika na Amri ya Matunzo ya Mtoto



Mwezi huu nataka kunena juu ya jambo liletalo uchungu mwingi. Wazazi waliotengana wamekwenda Mahakama ya Watoto, hakimu ameamuru kiasi cha matunzo, na mmoja wao ametoka amekunja uso. Baba asema, "Nimeonewa." Mama asema, "Fedha hizi hazitoshi hata karo." Je, asiyeridhika afanyeje? Nitaeleza ilivyo katika nchi ya Kenya.

Kwanza yafaa kujua msingi wa amri ile. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawasawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Tena faida ya mtoto ndiyo itangulizwayo. Kwa hiyo hakimu hutazama mapato na mali ya wote wawili, na mahitaji ya mtoto. Apingaye amri na ajibu mambo hayo, maana kumtukana mwenzake hakutaongeza wala kupunguza shilingi moja.

Njia ni tatu, na wengi hupotea kwa kushika isiyowafaa.

Ya kwanza ni rufani. Aonaye kwamba hakimu alikosea katika sheria, au katika kuupima ushahidi, na akate rufani katika Mahakama Kuu. Muda wake ni siku 30, nazo hupita upesi. Basi aombe mapema nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi. Akichelewa, itampasa kuomba ruhusa na kutoa sababu ya kutosha.

Ya pili ni kuiomba mahakama ile ile iipitie amri yake. Hii yafaa ikiwa kosa laonekana wazi katika maandishi, kama hesabu iliyojumlishwa vibaya; au ikiwa umepatikana ushahidi mpya ambao hata kwa bidii haungalipatikana siku ya kesi. Lakini aliyekwisha kukata rufani hawezi kuishika njia hii tena.

Ya tatu ni kuomba amri ibadilishwe. Huenda amri ilikuwa ya haki siku ile, lakini mambo yamegeuka: baba ameachishwa kazi, au mtoto ameingia shule ya sekondari, au ameugua. Hapo hakimu hakukosa. Mzazi arudi Mahakama ya Watoto, aombe kiasi kipunguzwe au kiongezwe.

Sasa lipo neno zito. Wako watu ambao wakiisha kupeleka rufani hufunga mfuko, wakisema, "Tungoje Mahakama Kuu." Hilo ni kosa kubwa. Rufani peke yake haisimamishi amri. Mpaka mahakama yenyewe iombwe na ikubali kuisimamisha. Asiyelipa, deni lake huzidi kila mwezi, na aweza kukatwa mshahara au hata kutiwa gerezani. Tena tumbo la mtoto halijui rufani. Lataka uji asubuhi.

Tunzeni karatasi: stakabadhi za karo na za hospitali, na ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu. Fedha zitolewazo mkononi bila maandishi ni shida kuzithibitisha. Nanyi waalimu, mzazi akiwaomba barua ya karo, mpeni upesi, awe baba au mama. Asiyeweza kumlipa wakili na aende kwa afisa wa watoto, au aulize habari za msaada wa kisheria wa serikali, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kuipinga amri kwa njia ya sheria si utovu wa adabu. Lakini kila apingaye na ajiulize: je, natafuta haki ya mtoto, au nataka tu kumshinda mwenzangu? Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Wasalaam,
Mwalimu wenu