Ubao Mwembamba Unaolinda Stara



Katika miji yetu, kuanzia Kilifi hadi Malindi, nyumba nyingi huongezwa vyumba kila mwaka. Kijana huoa akajengewa chumba ubavuni mwa sebule, na bibi mzee huhamishwa kutoka kijijini apate chumba karibu na wajukuu. Mlango wa nje hupewa fedha na fahari zote, ama mlango wa ndani huachiwa mbao zilizobaki. Juma hili twataka kuzungumzia kipande kimoja cha mlango wa ndani ambacho wengi hawakitazami: ule ubao mwembamba unaopigiliwa katika miimo na chini ya kizingiti cha juu, ambao mlango ukifungwa huuegemea. Mafundi wengi huuita stopa. Sisi hapa tutauita kiegemeo.

Kazi yake ni mbili. Kwanza, huuzuia mlango usipitilize ukazikaza bawaba mpaka skrubu zikang'oka. Pili, huziba mwanya ulioko baina ya mlango na mwimo. Mwanya huo hauna budi kuwapo, kwani mlango usio na nafasi haufunguki. Lakini bila kiegemeo, mwanga, sauti na jicho hupita hapo bila ya taabu.

Hapa ndipo jambo la seremala linapokuwa jambo la nyumba nzima. Katika Sura An-Nur, aya ya 58, tumefunzwa nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumbani huomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Aya inayofuata yaeleza kwamba watoto wakibaleghe, huomba idhini kama wakubwa wao. Hodi imewekwa ili kulinda macho. Basi ikiwa mlango wenyewe waacha ufa wa upana wa kidole, hodi imebaki na faida gani?

Wazee wetu walilitatua jambo hili kwa njia yao. Katika nyumba za mawe za kale za Lamu, stara ilikuwa katika mpangilio: daka, kisha kiwanda, kisha misana, kisha ndani, na mapazia yakining'inia baina yake. Mlango wa nje ulikuwa na mbao mbili, na ule mti wa katikati uitwao mfaa ulifunika mahali mbao hizo zilipokutana. Leo tunajenga vyumba vilivyopangana, mlango ukitazamana na mlango, na kazi iliyofanywa na misana na mapazia tumeutwika mlango peke yake.

Hivi karibuni tuliletewa shauri la baba mwenye nyumba na fundi wake. Mlango wa chumba cha mwanawe aliyeoa karibuni ulikuwa haufungi. Ulishika juu, chini ukaacha nafasi, na bi arusi alikuwa akitundika leso juu ya mlango kila usiku. Baba alizuia salio la ujira. Fundi naye alisema mbao alizoletewa zilikuwa mbichi na zimejipinda zenyewe. Tulipochunguza tuliona kila mmoja ana fungu lake. Baba alinunua mbao mbichi kwa kuwa zilikuwa rahisi. Fundi alipigilia viegemeo kabla ya kuutundika mlango, akakisia kwa jicho. Walikubaliana baba anunue mbao kavu, fundi aifanye upya kazi ya viegemeo bila ya malipo ya ziada, na salio lilipwe siku hiyo hiyo kazi ikishakwisha. Ikawa hivyo, na leso ikarudi kabatini.

Kwa faida ya wengine, twaeleza mambo ambayo yafaa kukubaliwa mapema.

Katika kuchagua, kanuni ya kwanza ni ukavu. Ubao mwembamba ukiwa mbichi hupinda upesi kuliko ubao mnene. Uweke jichoni kama mtu alengaye shabaha, utazame urefu wake wote. Ukiona tumbo au msokoto, uache. Nyuzi za mti ziwe zimenyooka, na vifundo visiwepo, kwani msumari ukipita karibu na kifundo hupasua. Saipresi na paini kutoka bara zafaa kwa mlango utakaopakwa rangi. Kwa mlango wa vanishi, afadhali kiegemeo kitokane na mti ule ule wa miimo, iwe mahogani, mvule au mwingineo. Mti wa mwembe twaupata karibu na bei yake ni nafuu, lakini wadudu huupenda. Usitumiwe bila ya kutiwa dawa. Mwarobaini hauliwi kwa urahisi na wadudu, ila nao wataka kukaushwa kwa subira. Mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi zisiwekwe mlango wa msalani, kwa sababu hunywa maji zikafura. Na bambakofi, pamoja na sifa zake zote, asiletewe mtu bila ya kuuliza umekatwa wapi. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni amana yetu, na mbao za wizi hazijengi chumba cha halali.

Kwa mlango wa futi saba kwa tatu, kiegemeo chataka futi 17. Nunua 20, kwani kukata kuna hasara. Unene wa milimita 12 na upana wa milimita 40 watosha chumbani.

Katika kufunga, mlango hutangulia. Utundikwe kwanza, utiwe bawaba na kitasa, kisha ufungwe mpaka ulimi wa kitasa uingie mahali pake. Hapo ndipo kiegemeo cha juu huwekwa, kikafuatiwa na cha upande wa kitasa, kikiugusa mlango bila ya kuusukuma. Cha upande wa bawaba huachwa mbali kiasi cha milimita moja au mbili, la sivyo mlango utabanwa kila unapofungwa. Misumari isigongwe hadi mwisho mpaka mlango ujaribiwe mara kadhaa. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Ya chuma kitupu huacha machozi ya kutu juu ya rangi. Ikumbukwe pia kwamba masika yakiingia mbao hunywa unyevu na kutanuka. Mlango uliobanana sawasawa wakati wa kaskazi, mvua za kusi zikija hautafunguka.

Katika kumaliza, viegemeo vipigwe msasa wa namba 120, kisha 180 au 220, kufuata nyuzi. Vipakwe mkono wa kwanza kabla ya kupigiliwa, pande zote, hata ule wa nyuma usioonekana, kwani unyevu huingilia huko. Vikishapigiliwa, vichwa vya misumari vizamishwe, matundu yazibwe, yasuguliwe, kisha upakwe mkono wa mwisho. Mlango usifungwe mpaka rangi ikauke barabara, ama sivyo vitashikana. Anayependa mafuta ya kitani badala ya vanishi na atumie, lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni. Yaweza kupata moto yenyewe hata kuwaka. Yatandazwe nje yakauke. Ama sifa ya papa, hiyo tuwaachie wenye majahazi. Chumba cha arusi hakiistahimili harufu yake.

Pepo za kusi zikivuma na milango ikajipiga, ukanda mwembamba wa mpira juu ya kiegemeo hutuliza kishindo, mtoto aliyelala asigutuke.

Anayezuru magofu ya Gede huona matao ya mawe ya milango yangali yamesimama, na mbao zake hazipo. Jiwe hudumu, ubao hutaka kutunzwa. Kwa hivyo kila mwaka baada ya masika, pitieni milango ya ndani mmoja mmoja. Uzimeni taa, mlango ukiwa umefungwa, mtazame mwanga wapita wapi. Palipo na ufa, mwiteni fundi, semezaneni naye bei na mbao kabla ya kazi, na akimaliza mpeni haki yake bila ya kumzungusha.

Wabillahi tawfiq.