Mechi Haiishi kwa Kipyenga cha Mwisho

Jumatatu moja asubuhi, nikipita wodini, nilimkuta kijana aliyelazwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Alikuwa na bandeji kichwani na uso uliovimba upande mmoja. Kabla sijamuuliza lolote, aliniuliza yeye: "Daktari, nani alishinda?" Nilimjibu. Baada ya dakika chache akauliza tena swali lile lile, kisha mara ya tatu. Alikuwa ameutazama mchezo wote kwa macho yake mwenyewe katika Uwanja wa Ushirika, lakini ubongo uliotikiswa haukuhifadhi hata bao moja. Ndugu zake walieleza kwamba alikuwa akirejea Kahe, akiwa mtu wa tatu juu ya pikipiki moja, bila kofia ngumu.

Katika daftari la mapokezi ajali yake iliandikwa kwa maneno mawili: "ajali, pikipiki". Hakuna aliyeandika kwamba alikuwa anatoka mpirani. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Sisi wahudumu wa afya tunatibu majeraha ya siku ya mechi bila kuyaita kwa jina lake, na jambo lisiloitwa kwa jina halipangiwi bajeti wala dawa.

Safari ya kwenda uwanjani haifanani na ile ya kurudi. Watu huja kidogo kidogo tangu asubuhi. Mwingine hupitia sokoni, mwingine humsalimu shangazi yake mjini, na magari hutosha. Kurudi, maelfu hutoka kwa wakati mmoja. Mchezo unaoanza saa kumi alasiri humalizika karibu na saa kumi na mbili, na giza la Moshi halichelewi baada ya hapo. Mtu wa Kahe, mwenye kilomita zipatazo 20 mbele yake, hufika stendi akute gari la mwisho limejaa au limekwisha kuondoka. Linalobaki ni bodaboda, na nauli ya mtu mmoja ikiwa kubwa, vijana hupanda mshikaki. Nakumbuka miaka ile Polisi Tanzania walipoutumia uwanja huu kuwa nyumbani kwao katika Ligi Kuu. Simba au Yanga walipokuja, mji ulijaa mchana na barabara za kwenda vijijini zikaelemewa jioni.

Ni rahisi kumlaumu kijana. Nimesikia hata wenzangu wakisema, "Alijitakia." Sikubaliani nao. Kijana yule hakuchagua kati ya usalama na hatari. Alichagua kati ya kupanda pikipiki na kulala stendi. Tukitaka achague vyema, kwanza tumpe cha kuchagua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kote, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wengi wanaojaza majukwaa yetu. Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Lakini kofia moja haigawanyiki kwa vichwa vitatu. Kwa hiyo kuhubiri kofia peke yake, bila kuzungumzia idadi ya abiria na usafiri wa kurudi, ni kutibu homa na kuacha malaria.

Nini kifanyike? Kwanza, waandaaji wa michezo wahesabu safari ya kurudi kuwa sehemu ya mchezo. Magari ya kwenda Kahe, Himo, Marangu, Machame na TPC yapangwe nje ya uwanja kabla ya kipyenga cha mwisho, kila upande na mahali pake, na nauli itangazwe mapema. Wenye magari watasema kwamba kusubiri hadi jioni ni hasara, na hoja yao ni ya haki. Basi nauli ya kurudi iuzwe pamoja na tiketi ya kuingilia: gari litajua idadi ya abiria wake kabla halijawasha injini.

Pili, pale ambapo ratiba inaruhusu, mchezo uanze mapema ili watu wafike kwao kungali na mwanga. Tatu, milango ya kutokea ifunguliwe yote, kabla watu hawajaanza kusukumana. Moshi tunalijua hili kwa uchungu: tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walipoteza maisha katika msongamano kwenye mkutano wa ibada uliofanyika katika uwanja wa Majengo. Kifua kinapobanwa pande zote hakiwezi kupanuka, na mtu hukosa pumzi akiwa amesimama wima. Mabasi yanayosubiri huondoa sababu moja ya kukimbilia mlangoni.

Nne, tuitazame reli. Kahe ni njia panda ya reli tangu Vita Kuu ya Kwanza, pale njia ya Tanga inapokutana na ile iliyotoka Voi. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa uenyeji wa AFCON 2027, Arusha ilianza kujengewa uwanja mpya. Behewa moja hubeba watu ambao vinginevyo wangehitaji pikipiki nyingi. Ni vyema mazungumzo ya treni ya mashabiki yaanze sasa, badala ya kungoja wiki ya mchezo.

Kwenu wagonjwa wetu: msiache kwenda uwanjani kwa sababu ya kisukari, kifafa, shinikizo la damu au selimundu. Nendeni, ila mpange siku nzima pamoja na jioni yake. Beba dawa ya kipimo cha usiku, maji ya kutosha na kitu cha kula, na umweleze mwenzako mmoja ugonjwa wako. Mwenye selimundu abebe sweta, kwa kuwa baridi na kiu huweza kuamsha maumivu. Na mkikuta majeruhi njiani, bonyezeni penye damu kwa kitambaa safi, msimkunje shingo, wala msimpakie katikati ya watu wawili juu ya pikipiki.

Kwenu wahudumu wenzangu, ombi langu halihitaji fedha. Mnapompokea majeruhi, ongezeni swali moja: "Ulikuwa unatoka wapi?" Andikeni jibu lake. Msimu mmoja wa majibu hayo utatupa cha kupeleka mezani kwa halmashauri, vyama vya soka na wenye magari.

Yule kijana alipona vya kutosha kurudi shambani, ingawa ndugu zake wanasema amekuwa msahaulifu na mwepesi wa hasira. Matokeo ya mechi ile anayajua kwa kusimuliwa tu.