Sinema yamtwika mchawi deni la mtoto

Wako wazazi wanaodhani kwamba picha ya sinema ikishatangazwa kuwa ni ya watoto, basi kazi yao imekwisha: wana wakae mbele ya televisheni, wao wakashike shughuli zao. Mimi sikubaliani nao. Ushahidi wangu ni picha ya mwaka 1990, ya pili kutokana na kitabu cha Mjerumani Michael Ende kiitwacho Hadithi Isiyokwisha.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1979. Mtoto mnyonge, Bastian, aingia ndani ya hadithi anayoisoma, na huko apata kidani chenye nyoka wawili wanaoumana mikia. (Najua msomaji wa Pwani atakunja uso akisikia habari za kidani cha namna hiyo, lakini tuvumiliane.) Akitaka jambo, huwa. Ataka uzuri, apata. Ataka nguvu, apata. Na kila apatapo, kumbukumbu moja ya kwao humtoka, wala hajui kuwa imemtoka, kwani mtu atatafutaje alichokwisha kukisahau? Asahau kuwa alikuwa mnene, na mwisho asahau hata jina lake. Njiani afika mji wa watu waliotaka ufalme kama yeye. Hawana tena la kukumbuka, kwa hivyo hawana la kutaka, wala njia ya kurudi kwao. Hakuna aliyewaibia. Walijimaliza wenyewe.

Picha ya kwanza, ya Wolfgang Petersen, ilitoka mwaka 1984 ikichukua nusu ya mwanzo ya kitabu. Ende aliichukia hata akaenda mahakamani, akashindwa. Ya pili, iliyoongozwa na George T. Miller, ndiyo iliyoshika habari hii ya matakwa, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Katika sinema, mchawi Xayide ana mashine. Bastian akitamka analolitaka, mashine humnyang'anya kumbukumbu, ikadondoka kama tufe. Mtoto amekuwa mwenye kuibiwa, na mwizi ni mchawi. Mchawi akiangamia, mambo yametengenea. Naam, ni rahisi kufahamika, na macho yafurahi. Lakini deni limehamishwa kutoka kwa mwenyewe.

Aliyesoma kitabu hujiuliza: nikipata nikitakacho, nitapoteza nini? Aliyetazama sinema hujiuliza: anayenichezea ni nani? Na sisi huku, ambako duka la mtu likifungwa hutafutwa jirani aliyemfanyia uchawi, swali hilo la pili tunalo la kutosha.

Sisemi picha ipigwe marufuku. Anayetaka kumwonyesha mwanawe na amwonyeshe, ila akae naye. Na tufe la kwanza likidondoka, kabla mtoto hajaanza kumlaani mchawi, amuulize: ombi lile lilitamkwa na nani?