Miguu, Bodaboda au Matatu?

Tangu tuhamie Ruring'u, jamaa wa Pwani hutuuliza: kwenda mjini Nyeri mwapanda nini? Tukiwa peke yetu, na njia kavu, twatembea. Kila hatua ya kwenda msikitini ina ujira wake. Mwezi wa Julai, ukungu na rasharasha za mlimani hutulazimisha kupanda matatu.

Bodaboda ni nyepesi, haingoji kujaa, na vijana wake twawaheshimu kwa jasho lao. Lakini mama watoto hatumpakizi tena. Mwaka jana pindo la buibui lake lilinaswa na cheni. Akaanguka, akavunjika mkono. Asema kosa ni letu, kwani ni sisi tuliomhimiza asichelewe darasa. Ni kweli.

Siku hizi twatoka mapema, twangoja matatu ya viti 14 ijae, yeye dirishani, sisi kando yake. Twachelewa pia, tusifiche.

Binti zetu, mkilazimika kupanda pikipiki, kusanyeni pindo lote mlikalie, mtandio mufunge nyuma, ndipo mumruhusu dereva aondoke. Mama watoto ametuamuru tuliandike hili.