Kibajuni si Kiswahili Kilichoharibika

Mfungo Sita uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano ya watoto wa madrasa, kasida na mashairi ya Maulidi, kwenye ukumbi mmoja hapa Eastlands, Nairobi. Watoto walitoka Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Islii, wavulana na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zikasimama, wasichana na buibui ndogo ndogo. Kila mwamuzi alipewa karatasi yenye safu tatu: hifdhi, sauti na lafudhi, kila safu alama kumi.

Ikafika zamu ya binti mmoja wa miaka tisa au kumi hivi, kutoka Islii. Alisoma shairi alilotungiwa na babu yake juu ya haki za wazazi. Hifdhi yake haikuwa na kasoro, na mizani ya shairi ilikaa sawa, wala vina havikuyumba. Lakini kila palipotazamiwa "mtu" yeye alisema "mchu", na kila palipotazamiwa "watu" alisema "vachu". Walianza kucheka watoto, kisha wakafuata watu wazima. Mimi sikucheka, lakini nilifanya lililo baya zaidi. Kwenye safu ya lafudhi nilimwandikia nne. Akatoka wa pili kutoka mwisho.

Baada ya kahawa na sambusa, mzee mmoja mwenye kofia ya kazi na msuri aliningoja mlangoni. Alinipa mkono, akaniuliza hali na watoto, kisha akasema kwa upole, "Maalim, nauliza ili nifahamu. Mwana amekosea wapi?" Nikamjibu, kwenye lafudhi. Akaniuliza, "Lafudhi ya nani?"

Usiku ule sikuwa na jawabu. Naandika haya kwa kuwa nadhani wengi wetu tuliozaliwa pwani tungetoa alama zile zile nne, na tungelala usingizi mnono.

Mzee yule ni Mbajuni wa kisiwa cha Chovai, na umri wake umepindukia sitini. Kwa wasomaji ambao kusini ndiko kwao, nieleze kidogo. Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, ni watu wa ukanda mmoja mrefu wa pwani na visiwa. Ukianzia Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, upite Ndau na Kiwayu, ufike Kiunga, kisha Ras Kiamboni, na uendelee na visiwa vya Chula, Chovai na Koyama mpaka Kismayu, njia yote hiyo ni kwao. Ni mabaharia na wavuvi tangu enzi na enzi. Pwani hiyo ndiyo iliyokuwa na mafundi wa mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, vikaendeshwa kwa tanga la mkeka. Ni Waislamu, na lugha yao ni Kiswahili cha kaskazini, ndugu wa Kiamu, Kipate na Kisiu.

Sasa angalia mpaka ulivyowafika. Kismayu ilikuwa miongoni mwa miji ambayo Waingereza na Wajerumani walikubali mwaka 1886 kuwa ni ya Sultani wa Unguja. Kuanzia 1895 nchi yote ile mpaka mto Juba ikawa chini ya Waingereza, pamoja na Lamu na Mombasa. Mbajuni wa Chula na Mbajuni wa Faza walikuwa chini ya serikali moja. Kisha vikaja vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1915, huko London, Waitaliani waliahidiwa nyongeza ya makoloni wakiingia vitani upande wa Waingereza na Wafaransa. Deni hilo lililipwa kwa Jubaland, mapatano yakatiwa saini 1924, na mwaka 1925 nchi ikakabidhiwa. Mstari ukatua baharini penye Ras Kiamboni. Mvuvi akawa na shangazi Italia na mjomba Uingereza, na wote wawili wanasikia adhana karibu wakati mmoja. Sijapata kusikia mvuvi yeyote aliyeulizwa.

Waliobaki upande wa kaskazini wakawa watu wa Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1972 serikali ya kule ilitangaza kuandikwa kwa Kisomali kwa herufi za Kilatini, kikawa ndicho cha ofisini na shuleni. Siwalaumu Wasomali kwa kuipenda lugha yao. Laiti sisi tungelikuwa na bidii ile! Lakini mzee wangu, aliyekuwa mvulana wa shule wakati huo, anasimulia kwamba lugha ya mama yake ilikoma mlangoni mwa darasa. Waliobaki upande wa kusini nao hawakusalimika. Vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliwatoa Wabajuni katika vijiji na makonde yao ya bara, wakajazana visiwani, Lamu na Mombasa. Watu husahau kwamba konde nalo ni shule ya lugha. Wabajuni wana utungo wao uitwao vave, unaoimbwa na wakulima wakati wa kuandaa na kuchoma msitu ili walime. Mkulima aliyetolewa kondeni mwake ataimba vave wapi? Juu ya paa la nyumba ya ghorofa Islii?

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na Kismayu ikawa mji wa kunyang'anywa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wabajuni hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwakinga. Walipanda vyombo, wakafuata pwani ile ile ya babu zao mpaka Lamu na Mombasa, safari hii wakiitwa wakimbizi. Kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990, wengine walirudi, wengine wakapelekwa kambi za mbali, na baadhi wakajipenyeza Nairobi, wakapanga vyumba Islii na Majengo ya Pumwani. Mzee yule ni mmoja wao. Anauza kofia na udi.

Hapa ndipo ulimi wa Mbajuni unapogeuka mtihani. Akisema Kisomali, ambacho alikisoma shuleni, mwenye kumkagua humwona Msomali. Akisema Kiswahili, huambiwa, "Mbona Kiswahili chako kiko hivi?" Aprili 2014, wakati wa msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, watu walizolewa Islii kwa maelfu, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Mzee anasema siku zile alijifundisha kunyamaza ndani ya matatu. Mjukuu wake alikuwa bado hajazaliwa.

Na Wabajuni wa Kenya, ambao ni wananchi wa baba na babu, wanalijua vizuri jambo hili. Kijana wa Kiunga au Faza akienda kuomba kitambulisho, kwa miaka mingi alitakiwa alete ushahidi ambao kijana wa mikoa mingine hakuulizwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa ukaguzi huo wa ziada kwa watu wa mipakani. Tunashukuru, na tunangoja kuona karani wa dirishani ataisomaje amri hiyo.

Huko Ulaya mambo yamekuwa kinyume, na kinyume hicho kinanikera mpaka leo. Wabajuni waliofika Uingereza kuomba hifadhi walitakiwa wathibitishe kuwa kweli ni Wabajuni, na ushahidi mmoja uliotazamwa ni ulimi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa hukumu ya mwongozo ambayo hata katika kichwa chake imetajwa kuweza kusema Kibajuni. Wataalamu wa lugha wakaulizwa: huyu anasema hivi, je, ni wa visiwani au ni mtu aliyejifunza Mombasa? Basi zingatia, ndugu msomaji. Mbele ya kadhi wa Kizungu "mchu" na "vachu" huweza kumwokoa mtu asirudishwe kwenye vita. Mbele yangu mimi, Mswahili mwenzake, zilimpotezea mtoto alama sita.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba ni lazima pawe na Kiswahili sanifu, la sivyo watoto watafanyaje mitihani. Sawa, sina ugomvi na sanifu, nami naandika kwayo na ndiyo inayonipa unga. Lakini tukumbuke ilivyopatikana. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha vitabu, na wakiwa pale pale Mombasa wakachagua cha Unguja! Wazee wetu wa Mvita waliumia, na uchungu huo tunao hadi hii leo. Mimi mwenyewe nimeandika beti nyingi za kuutetea Kimvita. Sisi tunaosema "mato" ambapo wenzetu husema "macho", na "mtele" ambapo wenzetu husema "mchele", tumetwa miaka mingapi kuwa hatujui Kiswahili? Na tulipopata kalamu ya alama mkononi, tukaishusha kwa wa kaskazini yetu.

Sikiliza sauti hizo vizuri. Mvita ana "t" pale Mwunguja alipo na "ch". Mbajuni ana "ch" katika maneno ambayo sote wengine tuna "t". Ni utaratibu, haubahatishi. Kila lahaja imefuata njia yake kutoka kwa mama mmoja. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika kitabu kizima juu ya ukoo huu wa lugha, kilichotoka 1993, na humo Kibajuni kimo ndani ya nyumba pamoja na Kiamu na Kimvita. Hakuna aliyewahi kukikuta nje kimeharibika.

Wenzangu tuliosoma chuoni tuna mfano ulio karibu zaidi. Sisi pwani husoma Kurani kwa riwaya ya Hafs. Nenda Morocco utawakuta wanasoma kwa riwaya ya Warsh, na masikio yako yatashtuka katika aya unazozijua tangu utotoni. Je, yuko shekhe anayejiheshimu atakayesema kwamba Warsh ni Hafs iliyoharibika? Riwaya hizi zimepokewa, kila moja na wapokezi wake. Na katika Sura ya Rum, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ameihesabu tafauti ya ndimi zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara zake. Sisi tumeisoma aya hiyo kwa tajwidi, tukatoka nje tukamcheka mtoto.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Kicheko kile kilitokea Eastlands, mitaa iliyozaa Sheng! Pumwani yenyewe ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kukusanya watu wa vijiji vilivyobomolewa na serikali ya mji, kimojawapo kikiitwa Mombasa na kingine Maskini. Walikuwapo watu wa kila kabila, na Kiswahili chao kilikuwa cha rangi zote. Kijana wa Shauri Moyo anayegeuza maneno kichwa chini miguu juu, na sisi tunamwita mbunifu, ndiye aliyeshika mbavu kwa kusikia "vachu". Neno "vachu" lina miaka mingi kuliko reli iliyouleta mji huu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imeipa serikali kazi ya kuzilinda lugha mbalimbali za wananchi na kuziendeleza zile za wenyeji. Ni maneno mazuri, lakini katiba haikai kwenye meza ya waamuzi. Sisi ndio tunaokaa. Kwa hiyo nawaomba walimu wa madrasa na wasimamizi wa mashindano haya: safu ya lafudhi iulize kama mtoto ametamka vizuri kwa lugha aliyotungiwa shairi. Shairi la Kibajuni lihukumiwe na Mbajuni, kama kasida ya Kiarabu inavyohukumiwa na mwenye kujua Kiarabu. Na anayemiliki simu yenye kinasa sauti, naye ana bibi Mbajuni nyumbani, amwombe vave, amwombe majina ya samaki na ya sehemu za chombo, anase kabla umri haujamtangulia. Mzee yule ameniambia kwamba nyumbani kwake watoto wakubwa wamekwisha kukiacha Kibajuni. Walichoka kuulizwa wanatoka wapi. Aliyebaki nacho ni binti huyu mmoja, kwa kuwa amelelewa na bibi yake.

Nimekwenda kwao mara mbili tangu siku ile, na kila mara nimepewa chai ya tangawizi na daftari. Binti ameniandikia shairi zima kwa mkono wake, kila neno kama lilivyo. Nimewaandikia barua wasimamizi wa mashindano kuwaeleza kwamba alama nilizotoa hazikuwa za haki, na kwamba safu yangu ya lafudhi isomeke kumi. Mpaka naandika makala haya sijapata jibu. Binti, kwa upande wake, ameniuliza kama mwakani nitakuwa mwamuzi tena, maana babu ameanza kutunga jingine.