Mgeni Asipewe Ufunguo wa Ghala

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mchumaji huanza kazi kwa kufunzwa kanuni moja: majani mawili na chipukizi. Haambiwi achume apendavyo. Kanuni hiyo ilinijia akilini majuzi, mwanafunzi wangu wa isimu, mzaliwa wa Bomet, alipoleta tarakilishi yake ofisini kwa kuwa tasnifu yake ilikataa kuchapika.

Alikuwa akitumia LaTeX, programu ya kupanga chapa ambayo wanaisimu wengi huipenda kwa jinsi inavyochora miti ya sentensi na kupanga alama za fonetiki. Kiolezo cha tasnifu alikipata kwa rafiki wa rafiki, nacho kilikuja na maelekezo kwamba programu iendeshwe kwa agizo la -shell-escape. "Mwalimu, nimeambiwa ni desturi tu. Niliongeze?" aliniuliza.

La, si desturi tu. Agizo hilo huipa hati uwezo wa kuiamuru tarakilishi iendeshe programu nyingine yoyote, kwa mamlaka yaleyale aliyo nayo mtumiaji. Anachoweza kufuta yeye, hati nayo yaweza kukifuta. Anachoweza kutuma nje, hati nayo yaweza kukituma. Na ndani ya tarakilishi ile mlikuwamo sauti za wazee waliomsimulia ngano kwa Kipsigis, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufariki dunia. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Tulikichunguza kiolezo mstari kwa mstari. Hakikuwa na hila yoyote. Kiliita tu programu ya nje ili ibadilishe umbo la picha mbili. Tulizibadilisha sisi wenyewe, tukaufuta mstari ule, na tasnifu ikachapika bila ruhusa ya ziada.

Nisieleweke kuwa napinga kila ruhusa. Hati hupata msaada wa halali kutoka nje, kwa mfano katika kupanga faharasa na marejeo. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2010 mkusanyiko wa TeX Live umekuwa na njia ya katikati: programu chache zilizotajwa kwa majina ndizo zinazoruhusiwa, nyingine zote hukataliwa. Hayo ndiyo majani mawili na chipukizi. Hata hivyo, orodha yenyewe huhitaji kukaguliwa. Mwaka 2016 iligunduliwa kwamba mpost, iliyokuwamo katika orodha hiyo, ingeweza kutumiwa kuendesha amri nyingine zozote. Iliondolewa.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi: iacheni programu katika kiwango hicho cha katikati ilichokuja nacho. Ikiwa ruhusa kamili haiepukiki, itoeni kwa hati mliyoiandika au mliyoikagua wenyewe, kwa mara hiyo moja tu, wala msiibadilishe mipangilio ya tarakilishi daima. Hati ya mgeni na iendeshwe penye tarakilishi isiyo na kazi zenu. Kuitafuta amri ya write18 ndani yake ni mwanzo mwema, lakini hakutoshi, maana mwenye hila aweza kuificha. Na zaidi ya yote, wekeni nakala mahali pengine.

Kwetu sisi walimu, lawama ni kubwa zaidi. Tunagawa violezo na kusema "fuata maelekezo" bila kueleza kila agizo hufanya nini. Mwanafunzi anayefunzwa kutii asichokielewa atatii siku moja amri ya mwizi.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apewe ufunguo wa ghala. Mwanafunzi wangu aliondoka ofisini akiwa na nakala mbili za sauti za wazee wake. Je, wewe msomaji, zako ziko ngapi?