Keki ya harusi ipimwe kwa vinywa, si kwa ngazi

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, mavuno yakiisha harusi zinaanza. Kamati inakaa, michango inaandikwa, na kwenye bajeti inawekwa "keki ya ngazi tano" bila mtu kuuliza italiwa na nani. Pesa ikipungua, baba anauza mahindi wakati huohuo ambapo bei iko chini. Msimu wa kupanda ukifika, mbolea anaikopa.

Shambani hatupandi kwa kukisia. Unapima sentimita 75 kwa 30, ndipo unajua mbegu za kununua. Keki nayo ipimwe hivyo. Kipande cha kawaida cha harusi hukatwa inchi 1 kwa 2, keki ikiwa na kimo cha inchi 4 hivi. Keki ya mraba ya inchi 10 ina inchi za mraba 100. Gawa kwa 2, unapata vipande 50. Ya inchi 8 inatoa 32, ya inchi 12 inatoa 72. Ya duara hutoa pungufu kwa sababu haina pembe: inchi 10 ni vipande 35 hivi.

Sasa hesabu watu, usihesabu kadi. Kadi 120, kati yake 80 za dabo na 40 za singo, ni watu 200. Weka mezani ngazi mbili za mraba, inchi 12 na inchi 8: vipande 104. Jikoni weka keki mbili za inchi 10 zisizo na mapambo: vipande 100. Jumla 204. Kila mgeni amekula, na hukulipia mapambo ya ngazi tano.

Na kama desturi yenu keki ni ya wazazi, wakwe, wasimamizi na kamati tu, hesabu hao. Wakiwa 45, mraba mmoja wa inchi 10 unatosha.

Najua mtaniuliza, wakwe watasemaje? Mimi naona aibu kubwa ni mgeni kutoka kijiji cha mbali kuondoka bila kuonja, huku nusu ya keki ikirudi nyumbani na krimu kuharibika kwa joto. Hakuna mkwe anayehesabu ngazi wakati ana sahani mkononi.

Ninyi mnaooka keki vijijini, mteja akiuliza bei ya kilo, mwambieni pia inchi na idadi ya vipande, na muandike kwenye risiti. Mteja aliyetosheka atawaletea harusi ya mdogo wake.

Kabla ya kulipa kishika nafasi, chukua bei ya kila ngazi ya ziada uigawe kwa bei ya gunia la mahindi leo. Ukishaona ni magunia mangapi, ipeleke hesabu hiyo kwenye kamati kabla keki haijaagizwa.